Viatu vya Kukimbilia na Maumivu ya Kisigino

Somo la Sita. Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa redioni kwa vikundi vya elimu ya watu wazima.

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukaa, na kila mwandishi wa kikundi ana kalamu na karatasi tayari. Katika masomo yaliyotangulia tulizungumza habari za moyo, shinikizo la damu, na faida ya kuushughulisha mwili. Leo twaendelea na jambo linalotokana na hayo, yaani viatu vya kukimbilia, na hasa jinsi ya kupata viatu vitakavyompunguzia mtu maumivu ya mguu yaliyokataa kwisha.

Somo hili limetokana na barua. Mama mmoja, mwuza mboga sokoni, mwenye umri wa miaka 46, ametuandikia kwamba daktari alimpima akamwambia shinikizo lake la damu limepanda, basi pamoja na dawa afanye mazoezi. Akajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwake, akawa anakimbia kilomita 5 mara nne kwa juma. Baada ya miezi michache shinikizo likaanza kushuka, naye akafurahi sana. Lakini sasa kisigino chake cha kulia chamwuma. Akiamka asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani huwa kama anakanyaga msumari. Akiisha kutembea kidogo, maumivu hupungua. Jioni, baada ya kusimama mchana kutwa penye meza yake ya mboga, hurudi. Jambo hili limechukua miezi mitatu. Wenzake wamemshauri anunue raba za bei kubwa. Naye auliza: "Nikitoa mtaji wangu kununua raba hizo, nitapona? Au niache kukimbia?"

Swali hili si dogo. Akiacha mazoezi, shinikizo laweza kupanda tena. Akitoa mtaji wake bure, biashara itayumba na watoto watapata taabu. Basi natulijibu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, maana najua mama huyu hayuko peke yake.

Kisigino chaumwa kwa sababu gani?

Chini ya unyayo, tangu mfupa wa kisigino mpaka penye mizizi ya vidole, pana utando mgumu na mpana, mfano wa mkanda. Kazi yake ni kuushika uvungu wa unyayo usilale chini, kama vile uzi wa upinde unavyoushika mti wa upinde usinyooke. Kila tunapokanyaga, mkanda huu huvutika; tunapoinua kisigino ili tusukume mwili mbele, huvutika zaidi. Tena mkanda huu hushirikiana na ukano mkubwa ulio nyuma ya kifundo cha mguu, ule unaopanda mpaka kwenye shavu la mguu. Shavu la mguu likikaza, mkanda nao huvutwa.

Maumivu kama haya ya mama yetu, yanayokuwa makali katika hatua za kwanza za asubuhi, mara nyingi hutoka pale mkanda unapojishika na mfupa wa kisigino. Hayaji kwa siku moja. Huja pale kazi iliyotwikwa mkanda inapozidi nguvu zake kwa majuma mengi: mtu ameongeza mbio ghafula, au husimama saa nyingi juu ya saruji, au uzito wa mwili umezidi, au viatu vyake vimechoka. Mara nyingi mambo hayo huungana mawili au matatu. Watu wengi hupona bila ya kupasuliwa, lakini kupona kwake ni kwa miezi, si kwa siku. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Atakayeanza kuutunza mguu mapema atapona mapema kuliko yule anayeendelea kukimbia huku akichechemea.

Kazi ya kiatu

Sasa tuangalie kiatu chenyewe. Mtu akikimbia hupiga hatua kama 1,000 au zaidi katika kilomita moja. Kwa kilomita 5 ni hatua 5,000 na zaidi, nusu yake kwa kila mguu. Na kila mguu unapotua hupokea mzigo wa mara mbili hata mara tatu ya uzito wa mwili. Mtu mwenye kilo 70, basi, mguu wake hubeba kilo 140 hadi 210 katika kila hatua. Pigeni hesabu hiyo wenyewe kwa uzito wenu, mtaona jinsi miguu yetu inavyofanya kazi kubwa.

Kiatu cha kukimbilia kina tabaka tatu. Chini pana mpira mgumu unaogusa ardhi. Juu pana kitambaa kinachoushika mguu. Katikati pana tabaka nene la sponji, iliyojaa vijipovu vidogo sana vya hewa. Sponji ikikanyagwa hubonyea, ikiachwa huinuka. Lakini baada ya kukanyagwa mara nyingi mno, hupoteza uwezo wake wa kuinuka, ingawa kwa nje kiatu bado chapendeza. Kadiri inayotumiwa na watu wengi ni kwamba kiatu cha kukimbilia hudumu kilomita 500 hadi 800. Mama yetu hukimbia kilomita 20 kwa juma. Kwa hiyo atafikia kilomita 500 baada ya majuma 25, na kilomita 800 baada ya majuma 40. Hata mwaka haujatimia. Naye ikiwa huvaa raba hizo hizo sokoni mchana kutwa, zitachoka mapema zaidi.

Je, kiatu cha bei kubwa ndicho dawa?

Madukani mtu huambiwa kwamba yafaa kwanza unyayo wake utazamwe. Mwenye unyayo bapa apewe kiatu kigumu cha kuuzuia mguu usilale ndani, mwenye uvungu mkubwa apewe kiatu laini, na mwenye unyayo wa kadiri apewe cha kati. Maneno haya yana sura ya elimu, na kwa miaka mingi watu waliyaamini. Lakini yalipopimwa hayakuthibitika. Katika Marekani, jeshi la nchi kavu, jeshi la anga na wanamaji waliwagawa askari wanafunzi mafungu mawili. Fungu moja walipewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo, na fungu la pili wote walipewa viatu vya namna moja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009 na 2010: walioumia katika mafungu hayo karibu walilingana. Mwaka 2022 wachunguzi wa shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima utafiti wa uganga, walichunguza majaribio mbalimbali ya viatu vya kukimbilia, wakaona vivyo hivyo, kwamba kumchagulia mtu kiatu kwa umbo la unyayo wake hakupunguzi sana kuumia, au hakupunguzi kabisa.

Basi bei si kipimo, wala jina la kampuni si kipimo, wala umbo la unyayo peke yake si kipimo. Kipimo ni nini? Wataalamu wengi siku hizi husema kwamba jambo la kwanza la kutazama ni raha ya mguu wenyewe. Kiatu kikuenee vizuri, usikisikie kikikubana, kikikukwaruza wala kikikusukuma upande. Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwuza viatu hawezi kujua kunguni wa kiatu kilicho mguuni mwako. Wewe mwenyewe ndiwe mwamuzi.

Ukumbukeni mfano wa Abebe Bikila, askari wa Ethiopia. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki ya Roma, viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila ya viatu, basi akakimbia marathoni yote kwa miguu mitupu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, huko Tokyo, alivaa viatu akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Wako watu wanaotumia mfano wa Roma kusema kwamba viatu havina maana. Sivyo. Mtu yule yule alishinda bila ya viatu na akashinda kwa viatu. Alichokikataa Roma ni viatu visivyomwenea. Na mwaka 2015, huko Berlin, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni huku soli za ndani za viatu vyake zimechomoka na kupepea nje ya kisigino. Alishinda, lakini unyayo wake uliumia kwa malengelenge na damu. Ikiwa bingwa wa namna ile aliumizwa na soli iliyohama mahali pake, sisi wa jogingi ya asubuhi hatuna budi kuwa waangalifu.

Kuvikagua viatu ulivyo navyo

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chukua viatu vyako vya sasa uvifanyie mambo manne.

Kwanza, viweke juu ya meza uvitazame kwa nyuma. Vikiwa vimelala upande mmoja, havikushiki tena sawasawa.

Pili, bonyeza sponji ya ubavuni kwa kidole gumba, penye kisigino. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina makunyanzi mengi yasiyonyooka, imekwisha kazi.

Tatu, kikunje kiatu. Kiatu kizuri hukunjika penye mizizi ya vidole, mahali mguu unapokunjika. Kikikunjika katikati kama gazeti, hakiufai mguu unaoumwa.

Nne, chomoa soli ya ndani, uiweke sakafuni, usimame juu yake. Kidole kirefu kisifike ukingoni. Yabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele yake, na ubavu wa mguu usimwagike nje. Wengi watashangaa hapa. Mguu wa mtu mzima haukai namba moja maisha yote. Hupanuka kwa umri, kwa uzito, na kwa akina mama huweza kurefuka na kupanuka kwa sababu ya mimba. Mama aliyevaa namba 38 alipokuwa msichana huenda leo mguu wake wataka 39 au 40, naye hajui, maana hajajipima tena.

Kununua

Sasa ikiwa viatu vimeshindwa katika ukaguzi huo, inafaa kutafuta vingine. Jipime kwanza nyumbani. Weka karatasi sakafuni, kisigino kikigusa ukuta, simama kwa uzito wako wote, mtu mwingine apige alama penye ncha ya kidole kirefu. Pima kwa rula. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa aghalabu mmoja huuzidi mwenzake, na ununue kwa kufuata ule mkubwa. Fanya hivyo jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi za mchana, kama inavyovimba katika mbio.

Namba za viatu huwachanganya watu, na haishangazi. Namba za Kiingereza huongezeka kwa theluthi moja ya inchi, kipimo cha kale kilichotokana na urefu wa punje ya shayiri. Namba za Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita. Wamarekani nao wana hesabu yao, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali. Kwa hiyo kiatu kimoja huweza kuandikwa namba tatu au nne. Lakini raba nyingi zina kijitambaa ndani ya ulimi wa kiatu, na humo huandikwa pia sentimita. Hiyo ndiyo namba ya kuilinganisha na kipimo chako cha karatasi, kisha uongeze sentimita 1 hivi ya nafasi mbele ya vidole.

Wengi wetu hununua mitumba, Karume huko Dar es Salaam, Gikomba huko Nairobi, au katika gulio la karibu. Mtumba si aibu, na wala si vibaya. Ila kumbuka kwamba kilomita kilizokwenda kiatu hicho ugenini hazikuandikwa popote. Tena sponji na gundi huzeeka hata kiatu kikikaa bila ya kuvaliwa. Kwa hiyo kikague kwa mambo yale manne, tena kwa ukali zaidi. Usidanganyike na mpira wa chini uliosuguliwa ukang'aa, bonyeza sponji. Vaa viatu vyote viwili, pamoja na soksi utakazokimbia nazo, ufunge kamba, utembee, kisha ukimbie hatua chache mbele ya meza ya mwuzaji. Asiyekuruhusu kufanya hivyo, mwache. Wala usikubali neno lile, "kitalegea tu." Kiatu cha kukimbilia hakina budi kuwa na raha tangu siku ya kwanza.

Kwa mwenye maumivu ya kisigino liko jambo jingine la kutazama, nalo ni tofauti ya kimo baina ya nyuma ya kiatu na mbele yake. Viatu vingi vya kukimbilia kisigino chake kimeinuka milimita 8 hadi 12 kuliko vidole. Viko pia vilivyo bapa kabisa. Kisigino kilichoinuka kidogo hulipunguzia kazi shavu la mguu na ukano wake, kwa hiyo mkanda wa unyayo nao hupata nafuu. Kiatu bapa huongeza kazi hiyo. Basi wakati unapoumwa, raba bapa na nyembamba si zako, hata kama bingwa fulani anazivaa. Lakini mwenye maumivu ya goti afahamu kwamba kisigino kirefu huweza kulitwisha goti mzigo zaidi, kwa hiyo asiige tu.

Ikiwa viatu vyako bado vizima ila vimekosa kimo, fundi viatu aweza kukukatia vipande viwili vya ngozi au sponji ngumu, unene wa nusu sentimita, uvitie chini ya kisigino katika viatu vyote viwili. Soli za ndani zilizo tayari dukani nazo husaidia baadhi ya watu. Utafiti juu ya maumivu ya kisigino haujaonyesha kwamba soli za kutengenezewa mtu mmoja mmoja kwa gharama kubwa huzishinda hizo za kawaida. Anza na kile cha gharama ndogo.

Kiatu peke yake hakitoshi

Wasikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kiatu kizuri huupumzisha mkanda, lakini hakiutii nguvu. Mtu akinunua viatu vizuri kisha akaendelea na mbio zile zile, huenda akapata nafuu majuma mawili, halafu maumivu yakarudi.

Mwaka 2014 wachunguzi wa Denmark waliwajaribu wagonjwa 48 wa maumivu haya. Wote walipewa soli za ndani. Fungu moja lilifanya mazoezi ya kunyoosha unyayo, na la pili mazoezi ya kuutia nguvu. Baada ya miezi mitatu, hilo la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi. Zoezi lenyewe ni rahisi. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, ukijishika ukutani, na chini ya vidole uweke taulo iliyoviringishwa. Inuka polepole kwa kuhesabu mpaka tatu, kaa juu kwa kuhesabu mbili, shuka kwa kuhesabu tatu. Fanya mara 12, upumzike, urudie. Fanya siku moja, uache siku moja. Mwenye kushindwa kwa mguu mmoja na aanze kwa miguu miwili.

Na asubuhi, kabla ya kukanyaga chini, kaa kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, uvivute vidole nyuma kwa mkono kwa kuhesabu kumi. Rudia mara kumi. Usitembee miguu mitupu juu ya saruji, wala usishinde na kandambili nyembamba. Vaa kiatu chenye soli nene hata ndani ya nyumba.

Jibu letu kwa mama

Sasa twaweza kumjibu mama yetu. Mama, usitoe mtaji wako kwa sababu ya jina la kiatu. Jipime, ukague raba zako. Zikiwa zimekwisha au hazikuenei, nunua nyingine za bei unayoiweza, zikupe raha, zenye kisigino kilichoinuka kidogo. Zile za zamani usizipeleke sokoni kusimamia, maana huko nako mguu wako wafanya kazi. Ukipata uwezo baadaye, uwe na jozi mbili za kukimbilia, uzivae kwa zamu. Wachunguzi wa Luxembourg waliona mwaka 2015 kwamba waliobadilisha jozi waliumia kidogo kuliko waliovaa jozi moja tu.

Wala usiache mazoezi. Punguza mbio kwa nusu, na siku nyingine utembee kwa haraka au upande baiskeli. Moyo wako utaendelea kupata faida yake. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari, mradi kesho asubuhi yasizidi ya jana. Yakizidi, punguza tena. Yakipungua majuma mawili mfululizo, ongeza kidogo kidogo.

Lakini mtu yeyote mwenye dalili hizi asingoje kiatu, aende hospitali: kisigino au mguu kuvimba na kuwa mwekundu, maumivu makali usiku hata akiwa amelala, ganzi au mchomo kama wa sindano, maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kila akikanyaga, au homa. Na mwenye ugonjwa wa kisukari asipuuze kidonda wala lengelenge lolote la mguuni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Pigeni hesabu: kila mmoja wenu hutembea au kukimbia kilomita ngapi kwa juma? Viatu vyake vitafika kilomita 500 baada ya majuma mangapi?

2. Kila mtu asimame juu ya soli ya ndani ya kiatu chake. Ni wangapi viatu vyao ni vidogo?

3. Kwa nini kiatu kipya kilichomfaa jirani huenda kisikufae wewe?

4. Fanyeni pamoja lile zoezi la kuinuka kwa vidole. Nani aweza kufikisha mara 12 kwa mguu mmoja?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu ya swali la pili, ayalete pamoja na taarifa ya kikundi. Katika somo lijalo tutazungumza habari za chumvi katika chakula, na jinsi ya kuipunguza bila ya kuharibu mapishi. Akina mama na akina baba, njooni na vipimo vya chumvi mnayotumia kwa juma moja nyumbani. Hadi hapo, kwaherini.